Mnara Hauvuki Mlima

Mnara hauvuki mlima. Mmemsikia leo hapa dukani fundi Semvua akimwambia hivyo yule kijana anayengoja mjomba wake amfanyie kila kitu, nanyi mkatazamana. Mnara gani huo, na nani aliutaka uvuke? Basi sogeeni. Methali hii si ya kale kama mnavyodhani. Mimi nilikuwa nikifunga maboksi pale ilipozaliwa, na ilizaliwa hivi.

Ng'ambo ya reli, mjini Moshi, kulikuwa na kiwanda kidogo cha simu. Kwa miaka mingi kilitengeneza simu za vitufe. Mwaka ule kilikuwa kinatayarisha simu janja yake ya kwanza, nayo ikapewa jina la Kurunzi. Mambo yote yalikuwa yamekubaliwa isipokuwa moja: je, Kurunzi iwe na kipokezi cha setilaiti, kile kinachoiwezesha simu kujua mahali ilipo hata pasipo na mtandao, au isiwe nacho?

Kipokezi chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi. Lakini ndani ya simu ni kama chumba cha kupanga: ukiingiza kabati, kitanda kinatoka. Bwana Msuya, mkuu wa kiwanda, aliitaka nafasi ile kwa ajili ya spika kubwa.

"Jamani, mteja wetu anataka muziki usikike hadi kwa jirani," alisema kikaoni. "Ramani ya nini? Na akiitaka, simu itaangalia minara ya mtandao iliyo karibu, ikisie ilipo. Inatosha. Nani anapotea kwao?"

Watu wakacheka. Namkunda hakucheka. Alikuwa fundi wa antena, binti wa miaka ishirini na minne, mwenye sauti ndogo hata wenzake wakamtania kwamba ukizungumza naye kwa simu unadhani salio limekwisha. Yeye alijua jinsi mnara unavyokisia. Mjini, penye minara mingi, hukosea kwa nyumba chache. Milimani hukosea kwa kijiji kizima. Alikuwa ameyaandika hayo kwenye karatasi, akaikunja mara nne, na sasa karatasi ilikuwa inalowa jasho kiganjani. Mara tatu alifungua mdomo. Mara tatu mwingine akamtangulia. Mwisho akaitia karatasi mfukoni, na simu ya majaribio ikaundwa na spika kubwa, bila kipokezi.

Kiwanda kile kilikuwa na desturi yake. Simu mpya haikupitishwa kabla ya kulala ugenini siku saba kwa mzazi wa mfanyakazi mmoja. Walisema bibi harusi haolewi kabla hajaonwa jikoni. Simu zote zilizotangulia zilikuwa zimelala hapo hapo mjini, kwa wazazi ambao wakifungua dirisha wanauona mnara. Safari hii kura ilimwangukia Namkunda, na mama yake, Nanzighe, aliishi juu kwenye milima ya Upare, akiwa mkunga wa vitongoji vitano.

"Bibi harusi anapelekwa milimani!" wakashangilia. "Mpeni sweta!"

Jumamosi Namkunda akaipeleka simu mwenyewe. Akamwonyesha mama yake ramani iliyohifadhiwa ndani, na kidoti cha buluu.

"Hapa ndipo ulipo, mama."

"Najua nilipo. Niko jikoni," Nanzighe akasema, akacheka. Kisha akaigeuzageuza simu. "Umeitengeneza wewe?"

"Sehemu tu, mama."

Nanzighe akatoka nje, akawaita majirani waje waone kazi ya mikono ya mwanawe. Wakaja, wakashika, wakasifu. Namkunda alitaka kusema kwamba kidoti kile kinakisia tu, kwamba kisiaminiwe sana. Lakini utamharibiaje mama furaha mbele ya majirani? Akanywa chai, akashuka mlima na maneno yake tumboni.

Jumatano, saa tano asubuhi, simu yake ililia kiwandani. Alikuwa mama yake mdogo, Nakiete.

"Namkunda, mama yako ametoka alfajiri kwenda kumzalisha mke wa Mbwambo, ng'ambo ya mlima. Ni mwendo wa saa mbili. Sasa mume mwenyewe yuko hapa anamuulizia. Hajafika."

"Kuna ukungu?"

"Hata mbuzi wangu siwaoni."

Namkunda akampigia mama yake. Haipatikani. Akakaa mezani, akaunga waya mahali pasipo pake, akaufungua, akaunga tena palepale. Akaenda dirishani. Akarudi. Akapiga. Haipatikani. Saa saba wenzake walikwenda kula, naye akabaki akiikunjua ile karatasi na kuikunja, akiikunjua na kuikunja, mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Bwana Msuya alipita. "Nimesikia habari za mama. Mkunga wa miaka thelathini hawezi kupotea mlimani kwake. Tulia."

"Ndiyo, bosi," Namkunda akajibu, na bosi alipopita tu akapiga tena.

Saa kumi simu ikalia.

"Mama!"

"Usipige kelele, niko hai. Ni goti tu."

"Ulikuwa wapi?"

Nanzighe akavuta pumzi. "Nilifika njia panda, ukungu ukashuka. Miguu ikasema kushoto. Nikaitazama simu, ikaniambia nimeshaupita mlima, niko kule chini upande wa tambarare, nirudi kulia. Nikajiambia, Nanzighe, mwanao amesoma, na hii ni kazi ya mikono yake. Itakudanganyaje? Nikaiamini simu, nikaikana miguu. Nikaingia korongoni, nikateleza. Nilipochoka kupiga kelele nikafungulia kwaya, sauti yote. Wachimba tangawizi wakasikia, wakanitoa."

"Na mtoto?"

"Alizaliwa mikononi mwa bibi yake. Ni mzima. Mama yake alitoka damu nyingi, nusura aende. Na mimi, Namkunda, sikuwapo. Niambie, mwanangu. Simu hii ilikuwa inajua, au ilikuwa inakisia?"

Namkunda angeweza kusema hajui. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Ilikuwa inakisia, mama. Ilishika mnara wa tambarare, ikadhani uko karibu nao. Nilijua inaweza kufanya hivyo. Niliona haya kusema."

Mama akajibu polepole, bila hasira:

"Basi waambie hao waliokutuma. Mnara hauvuki mlima. Anayetaka kuvuka, abebe chake."

Kesho yake Namkunda aliingia kikaoni na hakuketi. Sauti yake ilikuwa ndogo vilevile, ila safari hii haikusubiri mtu anyamaze. Akaeleza yote, na jinsi alivyonyamaza yeye mwenyewe kwanza. Alipofika kwenye kwaya na wachimba tangawizi, Bwana Msuya akapiga meza.

"Si mnaona! Spika ndiyo iliyomwokoa!"

"Bosi, spika ilimwita mtu wa kumtoa korongoni. Mimi nazungumzia kilichomtia."

Bwana Msuya akahesabu miezi kwa vidole.

"Tukiibadilisha sasa tutachelewa," Bwana Msuya akasema. "Wenzetu watatutangulia sokoni." Akatafuta pa kushika. "Kwani simu imelala ugenini siku ngapi?"

"Nne tu, hadi ilipompoteza mama."

"Desturi ni saba."

"Ndiyo, bosi. Tatu zilizobaki ukazimalize wewe. Mama amesema atakupikia makande."

Mimi niliyekuwa mlangoni na maboksi yangu nilidhani binti ameipoteza kazi. Lakini desturi ni desturi, na watu wote walikuwa wanamtazama yule mkuu. Bwana Msuya akapanda mlima kwa viatu vyake vya mjini, akaipokea kwa Nanzighe ile simu ya kukisia, akaitia mfukoni. Aliyoyapata huko hakuwahi kuyasimulia. Wachimba tangawizi ndio waliosimulia, kwamba Ijumaa mchana, ukungu ukiwa mzito, walimkuta mtu mwenye tai amekaa juu ya jiwe, akiisihi simu.

Jumatatu alirudi akichechemea, akasaini kipokezi cha setilaiti kiingie na spika ndogo iwekwe. Kurunzi ilichelewa miezi minne. Kweli wenzetu walitutangulia sokoni, na mwaka ule haukuwa mtamu.

Simu ya kwanza kutoka ilipelekwa kwa Nanzighe. Akangoja siku ya ukungu, akaenda nayo hadi njia panda, akafumba macho, akaacha miguu ichague. Ndipo akatazama kidoti. Kilikuwa kushoto, pamoja naye. Akampigia mwanawe aliposhuka kwenye mtandao.

"Sasa inasema kama miguu yangu," alisema. "Na wewe je, umejifunza kusema?"

"Najifunza, mama."

Tangu hapo, pale kiwandani, mtu akiegemea nguvu za mwingine, au akingoja wa mbali amwonyeshe pa kukanyaga, aliambiwa maneno ya Nanzighe. Bwana Msuya ndiye aliyeyasema kuliko wote. Miaka ikapita, kiwanda kikafungwa, mafundi wakatawanyika na maneno wakaondoka nayo, hata Semvua akayaleta hapa dukani.

Yule kijana ana miguu yake, na mjomba yuko mbali. Mnara hauvuki mlima.