Gunzi, Zaburi na Chupa ya Chai

Naomba radhi mapema. Aliyenisimulia hadithi hii aliisimulia vizuri hadi kina mama wakafuta machozi kwa vitenge. Mimi nikiisimulia, watu huuliza chakula kitaiva saa ngapi. Mkiona imepinda mahali, jueni ilitoka kwa mwenyewe ikiwa imenyooka.

Huko Rungwe palikuwa na baba mmoja, Ambakisye, aliyetamani sana kuwa mzee wa kanisa. Suti alikwishashona. Kilibaki kitu kimoja tu: Mchungaji Mwakibinga aje nyumbani kwake aone kama watoto wanalelewa katika imani. Maana asiyeweza kuichunga nyumba yake, ya Mungu ataichungaje?

Basi Ambakisye akawabana binti zake wawili, Atuganile wa miaka minane na Bupe wa miaka mitano, wakariri zaburi ndefu, ile ambayo hata watu wazima husinzia katikati. Wiki mbili asubuhi na jioni. Kuku wenyewe walishaijua.

"Mkikosea mstari mmoja mbele ya Mchungaji, mmeniua," alisema.

"Na Bupe akisinzia, baba?"

"Mfinye!"

Siku ikafika. Mchungaji naye akafika, saa nzima kabla ya wakati. Aliwakuta watoto nyuma ya jiko wakijipikilisha: ugali wa tope, mboga ya majani ya maboga, na gunzi la muhindi lililofungwa kitambaa ndilo mtoto wao. Bupe alikuwa mama. Atuganile, kofia ya baba yake imemshuka hadi puani, ndiye alikuwa baba.

"Shikamoo Mchungaji!"

"Marahaba, wanangu."

Ambakisye akaja mbio, vifungo vya shati havijakutana na matundu yake. "Atuganile! Acheni upuuzi huo, njooni mseme zaburi!"

"Waache, ndugu yangu," alisema Mchungaji, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Endeleeni, wanangu. Mimi ni mgeni tu."

Watoto wakaendelea.

"Tusali," alisema baba wa kofia. Akafumba jicho moja. La pili likabaki wazi, linachagua tonge kubwa la tope. Kabla "amina" haijaisha, mkono ulishafika kwenye sahani.

Mchungaji akakohoa. Ambakisye akatazama viatu vyake.

Mara Bupe akaangusha kopo. "Baba Atu! Mtoto kavunja chupa ya chai!"

Baba wa kofia akalirukia gunzi, akalizaba kibao. "Mtoto gani wewe, huna macho?"

Hapo jasho likamtoka Ambakisye. Kibao kile alikijua. Alikipiga mwenyewe mwezi uliopita, shavuni kwa Atuganile, kabla mkewe hajamwambia, "Baba Atu, chupa umeiweka wewe ukingoni mwa meza, ulipokuwa unatafuta kofia. Imeanguka yenyewe." Sasa akaiona suti yake ikiondoka bila yeye.

"Mchungaji," akanong'ona, "twende ndani, jua kali hili."

Mchungaji akainua kidole: subiri.

Atuganile alikuwa amevua kofia. Akachuchumaa mbele ya gunzi, akashuka, akashuka, mpaka macho yake yakawa sawa na mahali ambapo gunzi lingekuwa na macho. Akalifuta tope.

"Mwanangu," akasema kwa sauti nzito, polepole. "Hukuvunja wewe. Nimekosea mimi. Nisamehe."

Hata kuku wakasimama.

"Na mtoto alimsamehe?" Mchungaji akauliza.

"Alimsamehe." Atuganile akalipakata gunzi. "Si tunasali kila siku, utusamehe kama tunavyosamehe? Mimi nilidhani ni maneno ya kusema haraka haraka ili tule. Siku ile baba alipochuchumaa, ndipo nikajua kumbe yana kazi."

Ambakisye akageukia ukuta, akasugua macho, akalalamika kwamba moshi wa jiko umemwingia. Jiko lilikuwa halijawashwa.

"Na zaburi, Mchungaji?" akauliza bila kugeuka. "Wanaijua yote."

"Zaburi hata mimi nitawafundisha kanisani. Hili nisingeweza. Sasa nipe chai niondoke."

"Chai ipo ya asubuhi, ila imepoa. Chupa ilivunjika."

"Nani aliivunja?"

Binti wote wawili wakamtazama baba yao. Gunzi nalo, nasikia, lilimtazama.

"Mimi," alisema Ambakisye.

Mchungaji akainywa ile chai baridi vilevile, hadi tone la mwisho, akarudisha kikombe.

"Jumapili," akasema, "vaa hiyo suti."

Funzo: Mtoto hujifunza kumwomba Mungu msamaha siku anapomwona mzazi wake akichuchumaa kuomba msamaha, zaburi itamwingia vizuri baada ya hapo. Jana niliwasimulia wanangu hadithi hii, na kitindamimba akaniuliza, "Kumbe kina baba nao huomba msamaha? Wewe utaanza lini?" Nikamfokea aondoke haraka, asinichanganye: haoni nasambaza neno la Mungu?