Kengele ya Fedha Iliyokatazwa Kulia

Hapo zamani, katika mji wa Mkungani, Sultani Mwinyikheri alitimiza miaka ishirini ya kutawala, akaona hiyo ni habari ambayo dunia haina budi kuikumbuka. Akamwamuru sonara amsubie kengele saba za fedha, ndogo kama ndimu, kila moja imechorwa jina la Sultani na namba, kisha kalibu ivunjwe isije ikatoka ya nane. Sita akawapelekea watawala wenzake. Ya kwanza akailaza mwenyewe ndani ya pamba, kwani alisema kengele ikishalia mara moja, thamani yake imekwisha.

Basi akamwita Mshamu, mpiga mbiu wa mji, fukara asiye na kitu ila beberu mmoja, pembe yake ya nyati na maneno mengi.

"Pembe yako marufuku tangu leo. Ijumaa nina karamu ya enzi yangu. Utawaita watu kwa kengele hii, wala asije mtu ila kwa kengele. Lakini isilie hata kidogo! Ukishindwa, utahama mji wangu wewe na wanao."

Maskini Mshamu! Akainama, akasema, "Nimesikia, Bwana wangu, na nimetii."

Akazunguka mlango kwa mlango na lile furushi la pamba. "Hodi jamani! Itazameni vizuri. Ijumaa ikilia hii, njooni. Isipolia, asitoke mtu."

Ijumaa ikafika, chakula kikapakuliwa, kikapoa, na Sultani yuko peke yake na nzi.

"Mshamu! Watu wako wapi, mlaanifu wee?"

"Majumbani, Bwana. Wameoga, wamevaa kanzu, wametega masikio. Raia watiifu hawa, sijapata kuona!"

"Kawaambie waje!"

"Kwa kinywa? Mimi nani hata nivunje amri yako?"

Sultani akainyakua kengele, akatoka barazani, akaitikisa. Kili-kili! Akageuka paka mmoja tu. Ikawa hana budi kushuka mwenyewe, nyumba hadi nyumba, kilemba kimemwangukia shingoni, akitikisa kila mlangoni, na watu wakitoka mbio, "Haya, imelia! Twendeni!"

Alipomaliza mlango wa mwisho akaketi mavumbini, akacheka hata machozi yakamtoka. "Umenifanya mpiga mbiu wa karamu yangu mwenyewe! Shika pembe yako. Na hiki kikengele ondoka nacho, kimekwisha lia, sikitaki."

Kesho yake Mshamu akamvisha beberu wake kengele ile shingoni. Na beberu yule akawa hupita kila asubuhi mbele ya jumba, kili-kili, akiwakumbusha watu miaka ishirini ya Sultani Mwinyikheri.