Misumari Miwili ya Vuai

“Kamba hupimwa kiunoni mwa mvaaji.” Mmemsikia mwalimu wenu Hidaya akimrushia mwenzake maneno hayo, mkacheka, na sasa mnataka kujua yametoka wapi. Haya, kaeni, lakini msinikanyagie tiara hii, naishona tangu asubuhi. Methali hii hatukuachiwa na wahenga. Ilizaliwa hapa hapa pwani kwetu, nami nilikuwapo.

Zama hizo mchezo wa kuteleza majini kwa kuvutwa na tiara, kishada kikubwa cha kitambaa, ulikuwa umeshazoeleka, na bingwa wake alikuwa Vuai, kijana mrefu mwenye mikono ya kuchumia papai bila ngazi. Mchezaji hufunga mkanda kiunoni. Mbele ya mkanda hupita kamba fupi, na tiara nzima hunaswa kwenye kamba hiyo. Mikononi hushika fimbo: akiivuta karibu, tiara hupata nguvu, akiisukuma mbali, nguvu hupungua. Vuai aliposhinda mashindano makubwa, watu waliichukua kamba yake, wakainyoosha kwenye nguzo ya banda hili na kupigilia misumari miwili, mmoja juu na mmoja chini. Tangu siku hiyo kila kamba mpya ilikatwa kwa misumari ile. Aliyetaka kupunguza hata kidogo aliambiwa anajitafutia mkosi.

Basi palikuwa na Kazija. Mfupi, mwembamba, na mbishi kweli kweli. Skuli ya tiara ilikuwa ikitafuta mwalimu mwanamke, maana kina mama wa kijiji walikuwa wamesema wazi kwamba binti zao hawatagusa maji mpaka awepo mwanamke wa kuwafundisha. Mtihani ulikuwa kulizunguka boya lililo karibu na mwamba na kurudi pale pale ulipoondokea. Ukishindwa kwenda kinyume na upepo, unasukumwa hadi mbali, kisha unarudi kwa miguu na tiara yako begani, pwani nzima ikikutazama.

Kazija alirudi kwa miguu mara mbili. Mara ya pili Bwana Shaame, mkuu wa skuli, alisema naye kwa upole, na upole ule uliuma kuliko matusi.

“Nakupa nafasi ya mwisho, mwanangu. Ukishindwa nitachukua mwalimu wa kiume, na hao mabinti ndiyo basi tena.”

Akaja hapa bandani kavimba macho. Akavaa mkanda, akazifunga nyuzi za tiara kwenye nguzo, akajiegemeza nyuma kama yumo majini, kisha akaisukuma fimbo. Fimbo ikateleza, ikasimama mbele ya vidole vyake.

“Bi Mgeni, umeona?”

“Nimeona nini?”

“Pale siifikii. Upepo ukizidi yanibidi niisukume, na nikiisukuma inanikimbia. Ndiyo maana naing’ang’ania kifuani, tiara inaniburura.”

“Sasa tufanyeje? Mikono hairefuki.”

“Mikono hairefuki,” akasema, akiitazama kamba. “Kamba je, haifupiki?”

Nikampa mkasi. Alikuwa ameshaikata, anafunga fundo jipya mkandani, Vuai alipoingia. Akapiga ukelele.

“We Kazija! Unakata kipimo changu? Kipimo hicho kimenipa ubingwa!”

“Kimekupa wewe, kaka Vuai.”

“Utajuta!”

“Nishajuta mara mbili kwa kipimo chako. Leo niache nijute kwa changu.”

Akaivuta kamba hadi ikamkaa tumboni. Akalishusha na fundo la juu ya fimbo, ili fimbo isimame pale mikono yake inapoishia. Kisha akaenda zake majini.

Siku ile upepo haukuwa na huruma. Kule kwenye boya ulimpiga kwa ghafla, nasi tukashika vichwa. Lakini Kazija aliisukuma fimbo mpaka mwisho, na mikono yake ikafika! Tiara ikatulia. Akalala nyuma, akaukata upepo, akapanda kuuelekea, akapanda tena. Hakurudi pale alipoondokea. Alipapita, akatua mbele ya hapo, upande unakotoka upepo, ambako hata wanaume wengi hawakuwahi kutua. Vigelegele vilivyopigwa siku ile, wanangu! Mama yake aliingia majini na buibui lake, na mimi nililia bila kuona haya.

Vuai naye, kwa ubishi, akauomba mkanda ule ajaribu. Fimbo ilimkaa tumboni, viwiko havina pa kwenda, na kabla hajafika kwenye kina akaanguka puu! Akatoka majini akicheka, maana hakuwa mtu wa kinyongo. Akaja moja kwa moja hapa, akachukua nyundo na kuing’oa misumari yake mwenyewe. Tieni vidole kwenye nguzo hiyo, matundu bado yapo.

Kesho yake mabinti walijaa hapa mlangoni. Wa mbele alikuwa Hidaya wenu huyo huyo, msichana mrefu wa mabega mapana. Ameshika kamba mpya mkononi na msumari mdomoni.

“Mwalimu Kazija,” akasema, “tuazime kamba yako tuipigilie nguzoni. Ina bahati, sote tutakatia hiyo.”

Kazija akacheka hadi akakaa chini. Akauchukua msumari, akautupa baharini. Kisha akaipitisha kamba mpya mbele ya tumbo la Hidaya, akamwambia anyooshe mikono, na akasema maneno mliyoyasikia leo:

“Kamba hupimwa kiunoni mwa mvaaji.”