Ukoko wa Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walilima, walivuna na kusengenyana kama sisi, palikuwa na kambi ya wavuna mpunga katika bonde la Kirumbi. Wavunaji walikuwa wawili, wakubwa kwelikweli: Kiboko, aliyekuwa mnyapara, na Nyati, aliyekubali kila alichosema mnyapara. Mpishi alikuwa mmoja, mdogo, mwepesi wa miguu na wa ulimi: Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto wanne.

Sufuria ilikuwa moja, na chakula kilikuwa kimoja kila siku: mseto. Chenga za mchele, choroko, tui la nazi, kitunguu kimoja na matembele ya kuchuma kando ya majaruba ya mpunga. Vyote sufuria moja, juu ya mafiga matatu. Chakula cha bei rahisi, lakini harufu yake! Mmh! Hata konokono alikimbia.

Tabu ilikuwa kwenye mgao.

"Hapa tunakula kwa ukubwa," Kiboko alitangaza siku ya kwanza. "Mkubwa kwanza, kisha anayemfuata. Mpishi haki yake ni ukoko. Ndiyo mila ya kambi."

"Ndiyo mila," akasema Nyati.

Ukoko mnaujua: ule wali ulioungua kidogo ukagandia chini, mtamu, ukiutafuna unalia kru! kru! Bi Nguchiro hakuukataa. Ila Kiboko aliutaka mseto uliokorogwa sana, na sufuria inayokorogwa sana haishiki kitu. Wakubwa walikomba, wakaramba mwiko, wakajilaza kivulini, ngroo! ngroo! Yeye akakwangua, kwaru, kwaru, akapata ukoko mwembamba kama ganda la kitunguu.

Watoto wakaja na bakuli lao. Mdogo wao, Kidawa, akainua kipande chake juu.

"Mama, naliona jua!"

"Wapi?"

"Humu kwenye ukoko. Liko upande wa pili."

Kaka zake wakacheka. Bi Nguchiro hakucheka. Aliziona mbavu za Kidawa, akazihesabu zote bila kutaka. Mavuno yalikuwa yamebakiza siku ishirini. Siku ishirini za kula maganda yale, mtoto huyu angefika?

Akaenda kivulini, tiki, tiki, tiki.

"Bwana Mnyapara, samahani kwa kukuamsha. Ule ukoko ni wangu wote?"

"Wako."

"Hata ukiwa mnene?"

"Hata uwe mnene kama ngozi yangu! Ha ha haa!"

"Ha ha haa," akasema Nyati.

"Nauliza tu, tusije tukagombana bure. Tutajuaje kipi chakula na kipi ukoko?"

Kiboko akapiga mwayo, kinywa kikafunguka kama mlango wa ghala. "Maswali gani haya, mama? Geuza sufuria! Kinachoanguka, chakula. Kinachoshika, ukoko. Naapa kwa mto ulionilea. Haya, niache nilale."

"Nimesikia, bwana." Bi Nguchiro akainama kwa adabu mpaka pua ikagusa vumbi. Huko chini vumbini, alikuwa akitabasamu.

Kesho yake wakubwa walipokwenda shambani, alibandika sufuria. Mafuta hakutia hata tone. Akamwaga chenga na choroko, akazishindilia kwa mgongo wa mwiko, pu! pu! pu! Akamimina tui. Hakukoroga. Alifunika, akapalia makaa juu ya kifuniko, akakaa pembeni akiimba polepole:

"Moto chini, moto juu,
katikati mambo makuu!"

Tui likakauka. Mchele ukakamatana na choroko, choroko zikakamatana na sufuria. Juu kabisa akatupia matembele yenye maji maji.

Mchana wakubwa wakarudi, matumbo yakinguruma.

"Pakua!" akasema Kiboko.

"Tufuate sheria yako, bwana." Bi Nguchiro akaweka sinia chini, akashika sufuria kwa vitambaa, akageuza.

Chubwi!

Likaanguka fungu la matembele, dogo kama kiota cha ndege chozi. Basi. Vingine vyote vikabaki juu ndani ya sufuria, vimeng'ang'ania.

"Chakula kiko wapi?" akauliza Kiboko.

"Hicho hapo, bwana. Matembele."

"Na wali?"

"Umeshika. Kinachoshika, ukoko."

"Hukukoroga!"

"Mila haikusema mpishi akoroge."

"Nitakukanyaga, mwanamke wewe!"

"Nikanyage, bwana, halafu upike wewe. Na ule mto uliouapia unapita pale pale, unasikia."

Kiboko akautazama mto. Mto ukasema shwaa. Yeye hulala ndani yake kila usiku. Nani atalala kwa amani katika kitu alichokidanganya? Akameza jani la tembele. Nyati akameza mate.

Bi Nguchiro akavunja ukoko mapande mapande. Kru! kru! kru! Kidawa alikula mpaka akajiegemeza kwa kaka yake, macho yamelegea.

Siku ya tatu, alfajiri, Kiboko aliamka na njaa na hila.

"Sikiliza, mpishi! Kiapo changu nilikitimiza jana, sasa sheria imebadilika. Kuanzia leo kinachoshika ni chetu. Kinachoanguka ndicho chako. Naapa kwa mto!"

"Maskini mimi!" Bi Nguchiro akajipiga kifuani. "Utanipa matembele tu? Nionee huruma, bwana!"

"Matembele! Na uyale kwa adabu!"

Wakaenda zao wakipigana vikumbo kwa furaha.

Bi Nguchiro akafuta machozi yaliyokuwa hayapo. Leo sufuria ilipakwa mafuta ya nazi, chini, kando, mpaka ukingoni. Moto ukawa wa makaa machache. Mseto ukaiva taratibu, laini, unanukia. Alipowasikia wanakuja, akaepua sufuria na kuiketisha juu ya tope baridi la jaruba.

Chwiiii!

Mnajua, wanangu? Sufuria ya moto ikikaa penye ubaridi, hata kilichoshika huachia. Mama zenu wanalijua hilo. Kiboko hakulijua, maana hajawahi kupika hata chai.

"Geuza!" akaamuru, mwiko mkononi.

Bi Nguchiro akageuza.

Bwaaa!

Mseto wote ukashuka kwenye sinia kama mkate, mviringo, unafuka moshi. Hata punje moja haikubaki. Wakubwa wakaingiza vichwa ndani ya sufuria.

"Unaona nini?" akauliza Nyati.

"Naona Kiboko," akajibu Kiboko kwa unyonge. "Inang'aa."

"Basi mleni huyo," akasema Bi Nguchiro. "Wanangu, njooni!"

Wakubwa wakakaa wakitazama wadogo wakila. Tonge la kwanza. Tonge la pili. Kiboko akashindwa.

"Bi Nguchiro, mama," akasema, na sauti ilikuwa imepungua kilo nyingi, "kesho tugawane vipi?"

"Kwa bakuli. Wakubwa wawili, mimi mmoja, watoto wanne: mabakuli saba, yote sawa. Kinachozidi mtaongezwa ninyi, kwa kuwa mnavuna. Mnakubali?"

"Nakubali!" Nyati akapiga kelele, kabla mnyapara hajafungua kinywa.

Kiboko naye akaapa kwa mto, mara ya tatu, na safari hii polepole, akilipima kila neno. Kesho yake akapokea bakuli lake, lililokuwa sawasawa na la Kidawa.

Anayegawa chakula kwa ubabe asisahau nani anashika mwiko.