Wadhamini wa Magugu ya Kwamshale

Hapo zamani, katika nchi ya Kwamshale, alitawala Sultani Harithi, ambaye kilemba chake kilikuwa kirefu kuliko busara yake. Mbele ya mji ulikuwapo uwanda mpana, na majani yake hayakuwa ya namna moja: palikuwa na ukoka, na nyasi za kuezekea, na mchunga, na kivumbasi, na mkunde-pori, na mengine mengi, yamechanganyika kama watu gulioni. Siku moja Sultani akautazama, akachukizwa.

"Uwanda huu ni nguo ya mwombaji, viraka vitupu," alisema. "Nataka ukoka peke yake, ulale sawasawa kama zulia, farasi wangu ale na macho yangu yapumzike."

Waziri Shaweji, ambaye kazi yake ilikuwa kukubali kabla ya kuelewa, akajibu, "Hakika, Maulana. Hata mimi nimeuonea aibu tangu utotoni." Na siku ile ile akaamuru farasi asipewe jani lolote ila ukoka, apate kuzoea.

Basi akatafutwa mtu wa kung'oa, na Vuai akakutwa uwandani amelala chali. Huyu hakuwa na shamba wala ng'ombe. Mboga yake ilikuwa mchunga aliochuma palepale, na kitanda chake kilikuwa palepale. Akaburutwa mpaka barazani.

"Ng'oa kila kisicho ukoka kabla ya Ijumaa," Sultani alimwambia. "Ukishindwa, utahamishwa nchi pamoja na magugu yako."

Vuai akapiga hesabu yake. Akishindwa, atafukuzwa, akiweza, atakuwa amejing'olea chakula chake mwenyewe. Njaa ilimngoja pande zote mbili.

"Nimesikia na kutii, Maulana. Lakini magugu haya yanahamishwa kwa sheria, au kwa hasira?"

"Kwa sheria!" Sultani akasema, akijivuna. "Mimi ni mtu wa hasira?"

"Hasha, Maulana."

Na sheria ya Kwamshale ya kumhamisha mtu ilijulikana hata na watoto: mshitakiwa huletwa barazani, huitwa kwa jina mbele ya watu, na akitokea mmoja tu wa kusema, "Nimekula kwake," hahamishwi. Hakuna Sultani aliyethubutu kuivunja, kwa kuwa ndiyo iliyompa makao babu wa masultani wote, alipofika nchi ile akiwa mgeni asiye na kwao.

Ijumaa ilipofika, Sultani akaja barazani juu ya farasi wake, akamfunga nguzoni. Akamkuta Vuai amepanga chini mabonge ya udongo, kila bonge na mmea wake, hata ukoka ukiwamo.

"Washitakiwa wamehudhuria," alisema Vuai.

"Mpumbavu we!" Waziri akafoka. "Majani yana masikio?"

"Hayana, Bwana Waziri. Lakini mmeyaona yana hatia, na mwenye hatia sharti aitwe. Mchunga! Nani amekula kwake?"

Akasimama Bi Mize, mjane. "Nimekula kwake mimi na wanangu, mwaka ule wa njaa. Hata wewe, baba Shaweji, ulikuja na kibakuli. Umesahau?"

Waziri akashikwa na kikohozi.

"Nyasi za kuezekea!"

"Nimekula kwake," akasema fundi wa mapaa. "Ndiyo riziki yangu, na ndizo zilizowafunika hapo mlipoketi."

"Kivumbasi!"

"Nyuki wangu wamekula kwake," akasema mfuga nyuki, "nami nimekula kwao, na Sultani amekula kwangu. Mtungi haujarudi bado."

Watu wakacheka. Vuai akaita mkunde-pori, na hakusimama mtu. Sultani akapata pumzi.

"Huyo hana mdhamini! Ahamishwe! Na sasa uite ukoka, mwone jani la heshima linavyodhaminiwa. Mleteni farasi wangu!"

Farasi akaletwa. Akaunusa ukoka, akapiga chafya, akaugeuzia makalio. Kisha akainamisha shingo, akautafuna mkunde-pori, majani na maua, akifumba macho kwa raha.

"Mkunde-pori umedhaminiwa na farasi wa Sultani," alisema Vuai kwa adabu. "Ukoka! Nani amekula kwake?"

Wale waliousifu ukoka wiki nzima wakatazama vidole vya miguu yao, kwa maana hakuna aliyekuwa tayari kusema mbele ya watu kwamba yeye hula majani ya farasi.

"Maulana," Vuai akauliza, "sheria yasema niuhamishe. Nianzie wapi?"

Sultani akamtazama farasi wake, aliyekuwa bado anatafuna.

"Ngojeni," akasema Bi Mize, akijifuta machozi ya kicheko. "Mbuzi wangu hula kwake. Uacheni, maskini."

Hivyo jani la kifalme likaponea kwa mbuzi wa mjane. Sultani Harithi akasimama, akajikusanyia joho lake. "Yaacheni yote," alisema, "na mwendawazimu huyu pia." Akashuka barazani, akarudi kwake kwa miguu katikati ya vumbi, kwa sababu farasi alikuwa hajamaliza kula.