Mkia wa Bi Asumini

Isome hadi mwisho kabla hujamtumia bosi wako. Na kama bosi ni wewe mwenyewe, basi vuta kigoda ukae chini kabisa.

Palikuwa na banda moja la kubangulia korosho, lenye wanawake wanane na msimamizi mmoja. Wanawake walijua kubangua. Msimamizi, Bwana Nachundu, alijua kushika kalamu. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ule ugonjwa wa waliopewa meza: aliamini kwamba aliyekaa mkekani hana la kumfundisha aliyekaa kitini.

Siku moja mwenye banda, Hajati Zaituni, alikuja na kikapu cha korosho zilizopasuka, akazimwaga juu ya ile meza.

"Nachundu, hizi ni korosho au chicha? Mnunuzi anataka nzima, wewe unampelekea vipande! Nakupa miezi minane. Zisipotoka nzima, nafunga banda, na wewe utafute pa kwenda."

Bwana Nachundu akaanza kuviokota vile vipande kimoja kimoja. Alikuwa na watoto watano, na umri wake haukuwa tena wa kuandika barua za kuomba kazi. Akafunga safari hadi mjini, kwa gharama ya Hajati, kwenye semina ya siku tatu ya namna ya kuwatia ari wafanyakazi. Akarudi na daftari, fulana, na sentensi moja aliyoikariri kama dua: mfanyakazi husukumwa na mambo mawili tu, tamaa na hofu.

Kesho yake akawakusanya wanawake wote.

"Kila mwezi, atakayetoa korosho nzima nyingi kuliko wenzake nampa mbuzi!"

Vigelegele vikapigwa hadi kuku wa jirani wakakimbia.

"Na atakayeshika mkia mara tatu, atafungasha virago."

Vigelegele vikakatika. Wote wakatazama chini, kwa sababu mshika mkia alijulikana hata kabla mashindano hayajaanza. Alikuwa Somoe, mjane mwenye watoto wawili, mgeni katika kazi ile. Mkono wake ulikuwa mzito. Katika kila korosho tatu alizogusa, mbili zilipasuka.

Mwezi wa kwanza mbuzi akaenda kwa Bi Asumini, mkongwe wa banda, ambaye vidole vyake vilibangua huku mdomo ukisimulia harusi za mtaa mzima. Mkia akashika Somoe. Mwezi wa pili, mkia Somoe tena. Bwana Nachundu akaandika jina lake ubaoni kwa chaki nyekundu, na mbele yake akaweka alama mbili. Somoe alizitazama zile alama kwa muda mrefu, kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga na kurudi mkekani.

Mwezi wa tatu mizani ikaleta kioja. Aliyeshika mkia alikuwa Bi Asumini!

"Bi Asumini! Wewe?"

"Uzee, mwanangu," akajibu, huku akijipaka majivu viganjani ili utomvu wa korosho usimbabue. "Hata mikono nayo hustaafu."

Bwana Nachundu akamwekea alama moja nyekundu, kwa masikitiko lakini bila huruma. Sheria ni msumeno.

Tangu hapo mkia ukawa hauna mwenyewe. Mwezi huu kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, wala hakuna aliyefikisha alama tatu. Na mshindi wa mbuzi naye akawa anabadilika. Na korosho nzima zikaongezeka mwezi hadi mwezi, hata mnunuzi akaacha kulalamika na kuanza kusalimia. Mwezi wa nane, wa mwisho, mizani ikamtaja mshindi: Somoe.

Bwana Nachundu aliivaa ile fulana ya semina wiki nzima. "Hofu hiyo!" alimwambia kila aliyesimama kumsikiliza. "Alama mbili tu nyekundu, na mtu amegeuka!"

Hajati akatuma salamu kwamba Ijumaa atakuja kumwona huyo mshindi pamoja na mbuzi wake. Alhamisi Bwana Nachundu akaenda kwa Somoe kuhakikisha mbuzi amesafishwa. Hakukuta mbuzi.

"Umemuuza?"

"Hapana, bosi. Yuko kwa Bi Asumini, na wenzake."

Wenzake? Bwana Nachundu akaenda mbio mbio. Katika zizi la Bi Asumini akawakuta mbuzi wote wanane. Aliwajua mmoja mmoja, maana aliwanunua mwenyewe, akiwamo yule mwenye pembe moja aliyempiga kichwa sokoni mbele za watu. Na vitoto viwili vya mbuzi vilikuwa vimeshazaliwa.

"Mmenifanya mjinga!" akafoka.

"Keti kwanza, mwanangu," alisema Bi Asumini, akimsogezea kigoda. "Ulituletea mbuzi mmoja kwa watu wanane, ukatuambia tugombane. Sisi kugombania mbuzi hatukujua. Tunajua upatu: leo unatoa wewe, kesho unapokea. Mbuzi tukawaweka zizi moja, mwisho wa mashindano kila mtu achukue wake."

"Na mizani je? Mlikuwa mnamiminiana korosho!"

"Hata punje moja! Tulipanga zamu ya kufundishana. Kila mwezi mmoja wetu aliacha korosho zake, akakaa na mwenye mkono mzito. Akawa anamwambia: usiipige tumboni, igeuze, iguse mgongoni. Mtu hawezi kufundisha na kujaza beseni lake kwa pamoja."

Bwana Nachundu akakikalia kigoda. Kichwani aliuona ule ubao wake. Mwezi wa tatu, Bi Asumini, mwezi ambao Somoe alitoka mkiani. Wa nne, yule mwingine. Wa tano, yule. Majina yote aliyoyaandika kwa chaki nyekundu tangu mwezi wa tatu yalikuwa majina ya walimu.

"Lakini mngeweza kumwacha Somoe aende," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Mngebaki saba."

"Kwenye upatu, mwanangu, mtu wa kuangaliwa kuliko wote ni yule dhaifu. Akianguka yeye, zamu ya kila mmoja imekatika. Na banda lingefungwa, mbuzi tungewalisha nini?"

Ijumaa Hajati akafika, akaonja korosho nzima, akacheka kwa furaha. "Nachundu, umefanyaje? Nataka banda langu la pili nalo lifuate."

Bwana Nachundu alikuwa na daftari mkononi, na uongo ulikuwa tayari ulimini. Aliona aibu. Akaliweka daftari chini.

"Hajati, sikufanya kitu. Nilikaribia kuwafukuza waliofanya." Akamweleza yote.

Hajati alicheka hadi ushungi ukamdondoka. "Nimekugharamia semina siku tatu mjini, kumbe walimu unao hapa mkekani! Kazi yako unayo. Lakini mwezi ujao wote uketi nao ubangue, na mbuzi wa tisa nitamleta mimi."

Bwana Nachundu akaketi mkekani. Akapaka majivu viganjani, na korosho zake tatu za kwanza zikawa chicha. Banda zima likaangua kicheko, naye akacheka pia.

"Igeuze, bosi," Somoe akamwambia. Ilikuwa zamu yake kufundisha.

Mwisho wa mwezi wakapima mabeseni ya wanawake wanane. Mkia: Somoe. Mara ya tatu! Mwezi mzima alikuwa akihangaika na vidole vya bosi.

Bwana Nachundu akaenda ubaoni, akashika chaki nyekundu, na mbele ya jina la Somoe akaweka alama ya tatu. Kisha pembeni yake akaandika neno moja: MWALIMU. Akatoka nje, akamfungua mbuzi wa Hajati, akampa Somoe kamba mkononi.

Funzo: Ukimwona mtu amebaki nyuma kazini, kabla hujamfukuza, uliza kwanza alibaki kumngoja nani.