Askofu Kolutho na Toba ya Senura

Wazee wa imani wametuhadithia kwamba katika mji wa Tmoni, nchi ya Misri, palikuwa na askofu mcha Mungu, jina lake Kolutho. Zama hizo Mkristo aliyefukizia sanamu uvumba kwa kuogopa upanga hakuruhusiwa kuingia kanisani. Alisimama nje ya mlango akitubu, mpaka askofu amwekee mkono siku ya Pasaka, au mapema zaidi akiwa mahututi. Akifa kabla ya hapo, jina lake halikusomwa madhabahuni pamoja na marehemu wengine.

Senura, mjane mfumaji, alifukiza uvumba ili asinyang'anywe mtoto wake. Mtoto akafa kwa homa hata hivyo, naye mama akasimama mlangoni katika jua na vumbi.

Kwaresima ilipokaribia kwisha, dada yake, Tabesa, alimkuta askofu akiamua ugomvi wa zamu za maji ya mashamba.

"Baba, Senura hajiwezi. Njoo umwekee mkono."

"Nikimaliza hapa, binti yangu. Nikiwaacha hawa watapigana majembe."

"Hali yake si ya kungoja, Baba."

"Ameweza kungoja muda wote huu. Nitakuja."

Ugomvi ukaendelea hadi alasiri. Askofu alipofika, Senura alikwisha kuvikwa sanda.

Tabesa akasema polepole, "Sema ulimwahi, Baba, ili jina lake lisomwe. Mimi sitakupinga."

Askofu akajibu, "Siwezi kusema uongo mbele ya madhabahu."

"Haya. Mashamba yamepata zamu yao."

Jumapili askofu aliwaungamia waumini kosa lake, akavua joho, akaenda kusimama nje pamoja na wanaotubu. Watu walipita wameinamisha macho. Tabesa alipita bila kumwamkia.

Pasaka ilipowadia, makasisi walikuja kumwingiza. Akasema, "Someni kwanza jina la Senura. Msipolisoma, niacheni hapa."

Wakashauriana kwa muda mrefu, kisha wakalisoma. Tabesa alilisikia akiwa uani, maana alikataa kuingia.

Ndugu zangu, ukweli wa mja huyu haukumrudishia Senura saa aliyonyimwa. Kolutho alijua hivyo, na inasemekana hakupata kujisamehe mpaka alipofariki. Mungu awarehemu wote wawili, na atujalie kwenda upesi tunapoitwa na mgonjwa.